Kuhusu Ng'ombe Sita Ambao Serikali Inasema Ninao

Ndolo Musyimi,
Kwa Deeq Mnunuzi wa Mbuzi,
Soko la Mifugo, Mwingi,
Kaunti ya Kitui.

Kwa Mkubwa wa Bima ya Afya ya Serikali,
Popote ofisi yako ilipo.

Ndugu Mkubwa,

KUH: OMBI LA KULETEWA NG'OMBE WANGU SITA, PAA LA VIGAE NA CHOO CHA KUVUTA MAJI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Kama si mzima, basi natumaini kadi yako inafanya kazi.

Mimi ni mwanaume wa Nunguni, Kaunti ya Makueni. Nilisoma mpaka darasa la sita, karo ikanishinda, kwa hivyo ukikutana na kosa la kuandika unisamehe. Sasa niko huku Mwingi, mbali na nyumbani, nikifanya kibarua cha kupakia mifugo kwenye malori ya tajiri mmoja kutoka Garissa anayeitwa Deeq. Mbuzi namwinua kwa mikono, ngamia namsukuma kwa nyuma. Nimechoka, lakini sijaandika kulalamika juu ya kazi. Naandika kwa sababu kompyuta yako inasema nina ng'ombe sita. Nimewatafuta na sijawaona.

Nianzie mwanzo ili tuelewane. Mke wangu Kavindu ni mjamzito. Mtoto wetu wa kwanza, Kasyoki, alitolewa kwa upasuaji, na daktari alisema wa pili naye lazima atolewe hivyo hivyo, Kavindu asijaribu kuzalia nyumbani. Siku zake ni kabla mvua hizi hazijaisha. Ameenda Kasikeu kwa mama yake kupumzika, na huko ameambiwa kwamba bila kadi ya bima iliyolipiwa, pesa za upasuaji zitatolewa taslimu kabla hajavua viatu. Pesa hizo hatuna. Kwa hivyo tuliitaka kadi, tena kwa moyo safi.

Mhudumu wa afya wa kijiji, msichana mwenye adabu anayeitwa Ndunge, alifika pale kwa mama mkwe na simu ya serikali ili atuandikishe. Akasema maswali ya mali hujibiwa na mwenye nyumba. Wakanipigia. Simu ya Kavindu ilitumbukia kwenye sufuria ya maharagwe mwaka jana, na tangu hapo haisikiki ila kwa spika kubwa. Kwa hivyo sikumjibu Ndunge peke yake. Nilimjibu Ndunge, Kavindu, jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mama mkwe wangu, ambaye jina lake sitaliandika hapa kwa sababu ya heshima.

Pengine wewe si Mkamba. Kati ya mwanaume na mama mkwe wake kuna kitu tunachoita nthoni. Ni haya na heshima zikiwa pamoja. Mkikutana njiani, mmoja hupisha kando. Huli mbele yake, na mambo ya mwili huyataji mbele yake kamwe. Nimeshapeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao bila hao Mkamba hajaoa hata akiwa na watoto saba, lakini mahari yenyewe bado. Mpaka niimalize na kumwalika rasmi, mama mkwe hafiki kwangu Nunguni, kwa hivyo hajui nyumba yangu ikoje. Kavindu hajamwambia. Hilo ni moja ya mambo yanayonifanya nimpende Kavindu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Lalamiko la kwanza ni maswali yenyewe.

Ndunge aliuliza, "Baba Kasyoki, nyumba yako imeezekwa na nini?" Imeezekwa na mabati, Ndugu Mkubwa, mabati yenye kutu, na upande wa jikoni ni karatasi ya plastiki iliyokazwa kwa mawe. Lakini siku ya ntheo wazee wa upande wa Kavindu waliuliza kama binti yao atanyeshewa, nami nikasema hatanyeshewa. Nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani kule Kasikeu. Nikasema, "Vigae." Kavindu akakohoa.

Kisha Ndunge akauliza choo chetu ni cha aina gani. Neno hilo sijawahi kulitamka mama mkwe akiwa karibu, na sikukusudia kuanza kwa ajili ya serikali. Nikasema, "Endelea tu, dada." Akasema hawezi kuendelea, simu inakataa kwenda mbele bila choo. "Ni cha shimo ama cha kuvuta maji?" Nikasema, "Hicho cha pili," kwa sababu ndicho kilichokuwa na neno maji.

Akaja kwa ng'ombe. Hapo nikasikia mama mkwe akisema kwa mbali, kana kwamba anaongea na kuku, "Kumbe hata serikali inangojea hao ng'ombe." Nikasema sita. Sita ndiyo idadi ya mahari iliyobaki. Sikutunga. Nilitaja ng'ombe ambao tayari tulikuwa tukiwazungumzia.

Simu ya serikali ikafikiri, kisha ikasema mchango wangu wa bima, wa mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Ni zaidi ya ninachopata kwa Deeq kutoka kupanda mpaka kuvuna. Jirani wa chumvi akapiga makofi.

Kwa hivyo nasema, serikali inayotaka kujua choo cha mtu ingeuliza kwanza ni nani ameketi karibu.

2. Lalamiko la pili ni kwamba mliniamini.

Tangu nizaliwe hakuna aliyeniamini haraka hivyo. Duka la hapa sokoni haliniamini na kiberiti. Kikundi cha kukopeshana kilitaka wadhamini, na wadhamini wangu nao wakatakiwa walete wadhamini. Hata kanisani, nilipookoka, waliniweka chini ya uangalizi kwanza waone kama itashika. Lakini nilipotaja ng'ombe sita kwa simu, mkono mmoja ukiwa umeshika pembe za mbuzi, serikali iliamini papo hapo.

Daktari wa mifugo anapokuja kuwachanja mbuzi wa Deeq, huwahesabu mmoja mmoja, na akikosa mmoja huuliza yuko wapi. Naye ni wa serikali. Sielewi kwa nini mbuzi wahesabiwe kwa macho na mimi nihesabiwe kwa uvumi.

3. Lalamiko la tatu ni kwamba ng'ombe hao hawawezi kutoka.

Nilienda ofisini kurekebisha. Sitasema ni ofisi gani, kwa sababu kijana niliyemkuta alikuwa mpole na ana wazazi. Akaniuliza, "Mzee, hao ng'ombe umewauza?" Nikasema hapana. "Wamekufa?" Hapana. "Wameibwa?" Nikamwambia, "Kijana wangu, hawajawahi kuwepo." Akaangalia kompyuta muda mrefu, akashuka nayo chini, akapanda nayo juu. Akasema, "Hiyo haina mahali pa kubonyeza."

Kumbe ng'ombe wa serikali wana milango mitatu tu ya kutokea: kuuzwa, kufa na kuibwa. Kuuzwa hakunisaidii, kwa sababu aliyeuza ng'ombe sita ana pesa, na mchango utapanda. Kuibwa kunaita polisi, nao wataanza na walio karibu na mifugo, yaani mimi. Kijana akanishauri kifo. Akasema nilete barua ya daktari wa mifugo kuonyesha walikufa kwa nini.

Nikamwendea daktari wa mifugo. Akasema ng'ombe sita wa mtu mmoja wakifa kwa pamoja ni ugonjwa, na ugonjwa ukiandikwa, soko linafungwa hadi uchunguzi uishe. Deeq, aliyekuwa karibu akikagua meno ya mbuzi, akasikia. Akaniambia, "Ndolo, wallahi, ukiua ng'ombe zako hapa Mwingi, wewe na mimi tumeachana." Wapakiaji wenzangu nao wakaniomba kwa utu niwaache ng'ombe hao waishi.

Kwa hivyo wanaishi. Wanaishi vizuri kuliko mimi.

4. Lalamiko la nne ni bei ya matibabu, na hapa nimefanya utafiti.

Niliuliza watu kwa nini kutibiwa kumekuwa ghali. Karani wa hospitali alisema ni kwa sababu serikali haijalipa hospitali madeni ya bima. Nikamwuliza mtu wa serikali, akasema ni kwa sababu wananchi hawatoi mchango. Nikauliza wananchi, wakasema hawatoi kwa sababu hata wakitoa, ukifika unaambiwa dawa hakuna, vuka barabara ukanunue. Nikavuka barabara. Mwenye duka la dawa akasema ni dola. Mchungaji akasema ni dhambi. Kila mmoja alisema ukweli, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa jirani yake, mpaka duara likanifikia mimi. Mimi sikuwa na wa kumnyooshea, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mbuzi tu.

Deeq ana maoni yake. Kwao wanunuzi hupatana bei ya mnyama kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, bila kusema neno, na bei ikikubalika imekubalika. Anasema hospitali zinaharibu kwa kutaja bei mwishoni, mtu akiwa ameshalala. "Wewe umeona wapi ngamia ananunuliwa halafu bei inatajwa akiwa tumboni?" Anashauri karani wa hospitali naye awe na kitambaa.

Mimi nitasema jambo moja tu. Mbuzi wa Deeq akiugua, daktari huja mpaka zizini. Hutaja bei kabla ya kuchoma sindano. Na mbuzi akifa, daktari hazuii mzoga mpaka ukoo wake ulete pesa.

Lakini baada ya kufikiri sana nimegundua kwamba sababu halisi ya gharama kuwa juu, kwa upande wa nyumba yangu, ni ng'ombe sita wasiokuwepo. Na kama kila nyumba kutoka Nunguni mpaka Kasikeu iliulizwa mbele ya wakwe, basi Makueni yote ina ng'ombe wengi kuliko nyasi. Huenda mahesabu yenu yote ya nchi yamesimama juu ya ng'ombe hao. Nakuonya kwa nia njema.

5. Lalamiko la tano ni kwamba utajiri huu umeenea.

Mpakiaji mwenzangu Mutie alisikia habari na sasa ananiita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, shika huyu mguu wa nyuma." Ngamia alipomvunja mguu Musyoka, mwenzetu mwingine, tulifanya mchango. Kadi ya Musyoka ilikuwa imelipiwa kabisa, lakini hospitali ilisema kadi inajua mfupa, haijui vyuma vya kuunga mfupa. Siku ya mchango nikaketishwa mbele na kuambiwa nifungue kwa kutoa kwanza, kwa kuwa nina ng'ombe. Nilitoa. Ndiyo sababu barua hii imeandikwa kwenye karatasi iliyotumika upande wa pili.

Yaani kwa mguu ule ule, serikali ilikusanya kwa lazima, nasi tukakusanya tena kwa hiari. Sijui bima ni ipi kati ya hizo mbili. Nadhani ni kofia ya Mutie tuliyoizungusha, maana yenyewe ililipa siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, niletewe ng'ombe wangu. Kompyuta inajua walipo, mimi sijui. Wakija nitamwuza mmoja mara hiyo hiyo, nilipe mchango wote na nibaki na shukrani. Vigae na choo vinaweza kufuata baadaye kwa gari dogo. Ila choo kishushwe upande wa nyuma, na mwenye kukileta asipitie Kasikeu kuuliza njia.

Pili, kama ng'ombe hawawezi kuletwa, naomba niazimwe mpaka Kavindu ajifungue. Nitawarudisha wakiwa na afya. Kazi ya mifugo naijua.

Tatu, kama wako ndani ya kompyuta tu, naomba nami nilipe ndani ya kompyuta. Nipigieni simu mniulize, "Baba Kasyoki, umelipa?" Nami nitasema nimelipa, mama mkwe akisikia, nanyi mtaniamini kama mlivyoniamini mara ya kwanza. Hapo tutakuwa sawa: mali ya maneno kwa mchango wa maneno.

Shida ni moja tu, nayo ndiyo imenifanya niandike. Kavindu hatapasuliwa kwenye kompyuta. Tumbo lake liko Kasikeu na ni la kweli kabisa. Jana alinipigia akasema mtoto amegeuka, na sauti yake haikuwa ile ya kunichekesha. Mimi naweza kuishi na ng'ombe sita ambao hawapo. Siwezi kuishi na mke ambaye hayupo. Kama kuna mahali pa kubonyeza hilo, tafadhali bonyeza.

Nawasalimu wote wa ofisini, kuanzia wewe mpaka mlinzi wa lango, na yule kijana mpole, na yule aliyetunga swali la choo, nikiamini kwamba hajaoa. Deeq anawasalimu. Musyoka anawasalimu akiwa kitandani. Naisalimu pia kompyuta, kwa kuwa ndiyo peke yake katika nchi hii inayonihesabu kuwa mtu wa maana.

Ni mimi mwenye mifugo,

Ndolo Musyimi

N.B. Barua hii ilikuwa imekaa mfukoni ikingoja lori la kwenda Kitui mjini ili itiwe posta. Kabla lori halijajaa, Kavindu amepiga simu. Anasema jana asubuhi mama yake alimfungua ng'ombe wake mwekundu, yule wa pekee anayemkamua, akatoka naye kwenda mnadani bila kumwambia mtu anaenda wapi. Alirudi ameshika kamba peke yake. Akamwita Ndunge, na mchango wangu umelipwa wote, wa mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Kadi inafanya kazi. Kavindu atalala hospitali wiki hii.

Nikamwuliza Kavindu mama amesema nini. Akasema hakusema mengi. Alitundika kamba ukutani, akaomba maji ya kunywa, kisha akasema, "Mwambie baba Kasyoki ng'ombe wake wamebaki watano."

Kwa hivyo, Ndugu Mkubwa, naondoa malalamiko yote. Kompyuta ilisema nina uwezo wa kulipa, na mchango umelipwa, kwa hivyo ilikuwa imesema kweli, na mwaka kesho itasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Kumshukuru mama mkwe siwezi, kwa sababu nikimshukuru nitakuwa nimekiri kwamba ng'ombe alikuwa wake. Kama ofisi yako ina mtu anayepita Kasikeu, apunguze mwendo karibu na nyumba yenye zizi tupu, asalimie kwa heshima, na asiseme ametumwa na nani.

Nabaki na ombi moja dogo tu. Rekebisheni hesabu: ng'ombe ni watano. Mmoja ameuzwa. Hiyo najua ina mahali pa kubonyeza.